Nilivyouza kilomita 50, Kisumu hadi Kakamega

Mwaka jana nilikimbia kwa ahadi. Nilitoka Kisumu hadi Maseno, kama kilomita 25, nikasimama pale ikweta inapokata barabara. Watu walikuwa wameniandikia: shilingi 50 kwa kila kilomita, wengine 100, mmoja hata 500. Kwenye daftari nilikuwa na elfu 84. Baada ya mwezi mzima wa kupiga simu nilikuwa na elfu 31 na maadui wawili wapya kazini.

Pesa hizo zilikuwa za vijana wanaotoka kwenye makao ya watoto. Ukifika miaka 18 wewe ni mtu mzima, na kitanda chako kina mwingine anayekisubiri. Wengi hawana kwao pa kurudi. Hata kupata kitambulisho ni kibarua, maana unaulizwa cha baba au cha mama. Mimi ni mwalimu wa msingi, Jumamosi huwafundisha hesabu, na nilikuwa nimeshamwombea msichana mmoja nafasi ya ushonaji nikitegemea zile ahadi. Alianza masomo wiki tatu baada ya wenzake. Hilo liliniuma kuliko magoti.

Kwa hiyo safari hii nilisema sitaki ahadi ya mtu. Nitauza.

Nilinunua daftari la kurasa 64, nikaandika namba juu ya kila ukurasa, 1 hadi 50, maana kutoka Kisumu hadi Kakamega ni kama kilomita 50. Kila kilomita elfu moja na mia tano. Ukituma pesa kwa simu, naandika jina lako mbele yako. Hujatuma, ukurasa unabaki mweupe. Sikutarajia watu wangechagua! Muuza omena wa Kondele alitaka ile inayopita mbele ya meza yake. Chama cha walimu wenzangu kilichangishana kikachukua Chavakali. Jirani yangu Mmaragoli alinunua kilomita iliyo karibu na lango la mama yake, kisha akampigia mama simu amwambie atoke nje siku hiyo anione. Kukawa na kubembelezana kama sokoni: "Mwalimu, nipe ya tambarare, hiyo ya mlima mpe daktari."

Ya 11 haikupata mnunuzi. Iko kwenye mpando baada ya Mamboleo, unapoelekea Kiboswa, na kila anayepanda matatu ya Kakamega anaijua.

Mazoezi yalichukua miezi mitano, na mwezi wa kwanza niliupoteza. Mimi si mtu wa Iten, kule kwa wakimbiaji mashuhuri. Nina miaka 44 na nilianza na kilomita nne. Nilikuwa nikikimbia barabara ya Ahero kwa sababu imelala, nikajiona nimeiva. Siku niliyojaribu kupanda kutoka Mamboleo mapaja yalikataa kabisa. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Kakamega imepita 1,500, na katikati kuna vilima vya Maragoli vya kupanda na kushuka. Nikaacha Ahero. Kila Jumapili nilipanda, nikiongeza kidogo kidogo hadi kilomita 36, na wiki ya nne napunguza. Kushuka ndiko kulinivua kucha ya dole gumba, mpaka fundi viatu akaniambia raba zangu ni ndogo kwa namba moja. Miaka yote hiyo sikujua namba ya mguu wangu.

Siku yenyewe nilianza saa kumi na nusu alfajiri, nimejipaka mafuta ya mgando mapajani na kwapani. Kijana mmoja wa makao, anayesomea umekanika, alinifuata kwa baiskeli akiwa amebeba ndizi, viazi vitamu na chupa za maji niliyoyatia chumvi na sukari. Yeye ndiye aliyeshika daftari. Kila kilomita alisoma jina kwa sauti, nami nikajua nambeba nani.

Mlimani akanyamaza.

"Mwalimu, ya 11 haina mtu."

"Najua, mwanangu."

"Basi si tuitembee tu?"

Akashuka kwenye baiskeli, tukaitembea yote, tukila viazi. Ninaamini kilomita ile ndiyo iliyonifikisha, kwa sababu mkimbiaji mwingine aliyekuwa akijisukuma tangu chini nilimkuta huko Majengo ameketi kando ya barabara, amevua viatu.

Mama wa jirani yangu alikuwa langoni kweli, na kikombe cha uji. Baada ya Chavakali jua lilikuwa kali na sikumbuki mengi. Nakumbuka vyungu vya Ilesi vimepangwa kando ya lami, na lile jiwe linalolia, mwamba unaotiririkwa na maji, limelowa ubavuni. Nilitamani kwenda kuliegemea. Kakamega niliingia saa saba kasorobo, natembea kama bata.

Kurasa 49 zililipwa kabla sijafunga kamba za viatu: shilingi 73,500. Zimelipa karo ya kuanzia ya vijana watatu, na ada ya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ya yule msichana wa ushonaji. Sikumpigia mtu hata mmoja simu ya kudai.

Jumatatu yake yule kijana wa baiskeli alikuja na noti tatu za mia tano, amelipwa kwa kubadilisha klachi ya matatu. Nilimrudishia mbili, kwa ugomvi. Ukurasa wa 11 sasa una jina lake, na chini yake ameandika mwenyewe: deni 1,000.