Hilux ya zamani kugoma asubuhi: nilivyoimaliza bila kushusha pampu

Mi natumia Hilux ya zamani, ile dizeli ya injini inayoitwa 3L, kazi yake ni kutoa viazi shambani huku Njombe. Wa huku mnalijua baridi la mwezi wa sita na wa saba, sasa ikafika kipindi asubuhi unapiga stata mpaka betri inaanza kuchoka ndo inashika, moshi mweupe unajaa uwanja mzima, inatetemeka weee ndo inatulia. Ikishapata moto haina shida, mchana kutwa unazima unawasha kwa kugusa tu.

Fundi aliisikiliza akasema kaka pampu hii ya dizeli imechoka, ishushwe ikapimwe na nozeli zote (zile zinazopuliza dizeli kwenye injini) zitolewe. Nilikataa. Pampu ikiliwa ndani mara nyingi inasumbua zaidi injini ikiwa ya moto, sababu dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi na inapenya, ya kwangu ilikuwa kinyume kabisa.

Nikaanza na kisicho na gharama. Juu ya filta ya dizeli kuna kile kipampu cha mkono, asubuhi kabla ya kugusa swichi nikakipampu mpaka kikawa kigumu alafu nikawasha. Ikashika haraka, ila moshi na kutetemeka vikabaki palepale. Basi nikajua ni magonjwa mawili yamekaa pamoja. Ukipampu ikashika ujue usiku dizeli inarudi kwenye tangi, kuna mahali panavuta upepo. Moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi ni plagi za hita, zile zinazopasha injini joto kabla ya kuwaka, maana injini hii dizeli inapulizwa kwenye kichumba kidogo kwanza kabla ya kufika kwenye silinda, na hicho kichumba kikiwa cha baridi haiungui vizuri.

Kwenye upepo nilinunua kipande cha mpira unaoonyesha ndani nikaufunga kwa muda kati ya filta na pampu, nikawasha nikainamia hapo. Vipovu vidogo vikawa vinapita vimefuatana kama shanga. Nikafuata njia kurudi nyuma mpaka pale mpira unapoungana na bomba la chuma, ukiukunja kidogo unaona nyufa, na klipsi imelegea. Na chini pakavu, hakuna hata tone! Upande huo pampu inanyonya, kwa hiyo injini ikiwaka badala ya dizeli kutoka ni upepo unaingia, ndo maana watu wengi wanapapita wakaenda kufungua vitu vya gharama. Nikabadilisha huo mpira, na vile vimpira vya kurudisha dizeli juu ya nozeli nikavitoa vyote nikaweka vipya sababu vilishakuwa vigumu.

Plagi za hita nazo hazihitaji mashine. Unatoa kile kipande cha chuma kinachoziunganisha zote nne (usipokitoa zinasoma kama kitu kimoja), unachukua taa ya kupimia, unaibana kwenye chanya ya betri alafu ncha unagusisha kichwa cha kila plagi. Nzima itawasha taa, iliyokufa kimya. Kwangu mbili zilikuwa kimya, nikaweka nne mpya. Angalieni sana volti zilizoandikwa, kuna za 12 na kuna za chini ya hapo, ukikosea ama zinaungua ama hazipashi.

Stata ikizunguka kivivu na betri ni nzima, shika mita, ncha moja kwenye hasi ya betri nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, waya wa hasi au temino zake zimeliwa na kutu. Sugua, kaza, kama waya wenyewe umeoza weka mpya.

Injini kuchemsha nako. Ya kwangu barabara ya tambarare ilikuwa poa, ukipanda Kitonga na mzigo mshale wa joto unapanda nao. Hilo ni la feni, sababu ukienda taratibu upepo wa barabarani haupo, feni ndo inabeba kazi yote. Zima injini ikiwa ya moto uisukume feni kwa mkono, ikiendelea kuzunguka kirahisi bila kitu kuizuia ujue klachi ya feni (ile inayoishika feni izunguke na injini) imekwisha. Rejeta ioshe kutokea upande wa injini, udongo utoke ulikoingilia, na mfuniko wake USIFUNGUE ikiwa ya moto, maji yanaruka usoni jamani, nimeshaona mtu ameungua.

Mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake na pistoni, hauna dalili ya kukuonya, unakatika tu na valvu zinagonga pistoni. Unabadilishwa kila kilomita 100,000, na kama umeinunua mkononi kwa mtu, ile namba ya kwenye dashibodi usiiamini, weka mpya siku hiyohiyo uandike kilomita kwa maka peni kwenye kava lake.