Gari ilinitumia meseji, mimi sikusoma

Jumamosi asubuhi niliamka na mzuka wa ajabu. Mvua imekata tangu Alhamisi, jua limetoka la ukweli, madimbwi ya mtaani kwetu Tabata yameanza kukauka, nikasema leo ni leo, leo namtoa mnyama nje. Mnyama mwenyewe ni Mazda Roadster ya 2001, ile ambayo nje ya Japani wanaiita MX-5, viti viwili, gia za mkono, paa la turubai unalikunja kwa mkono wako mwenyewe. Niliinunua nikiwa na mtoto mmoja. Sasa hivi ninao wawili, kwa hiyo fanya hesabu mwenyewe ya viti.

Nimevua kava, kinyesi cha njiwa kila mahali, nabonyeza rimoti, kimya. Nabonyeza tena, kimya. Nikafungua na funguo, ndani kuna harufu ya uvundo kama begi la shule lililosahaulika na chakula, nikakaa, nikageuza swichi. Hakuna kitu. Hata ule mlio wa tik tik wa stata ikikosa nguvu hakuna, hata taa moja ya dashibodi. Na yule mama wa Kijapani aliyemo kwenye kile kimashine cha kulipia barabara za kwao, ambaye kila nikiwasha gari lazima anilalamikie kwa heshima zote kwamba sijaweka kadi, kadi ambayo sijawahi kuwa nayo maishani, naye kimya. Hapo ndo nikajua hii siyo chaji ndogo, hii betri imekufa.

Vijana wa bodaboda wa pale kona hawahitaji kuitwa. "Bosi, tusukume?" Nikasema sukumeni. Gari yenyewe ni tani moja na kidogo, inasukumika kama toroli. Gia ya pili, klachi chini, wakashika spidi nzuri tu, nikaachia klachi, gari ikaguna ikasimama. Tukarudia mara tatu hadi jasho, na mi najua kabisa kichwani kwamba haitawaka, ila watu wakishaanza kukusukumia gari huwezi kuwakatisha, unaonekana unaringa. Kusukuma kunasaidia betri iliyochoka. Betri ikiwa imeisha kabisa, gari ya EFI (inayopuliziwa mafuta kwa umeme na kompyuta) pampu ya mafuta haizunguki, kompyuta haiamki, plagi hazipati moto, na hiyo alteneta yenyewe inahitaji umeme kidogo wa kuanzia ndo izalishe mwingine. Niliwapa hela ya soda.

Akaja jirani yangu na Premio yake na waya za kubusti, mtu mwema sana, akaleta gari pua kwa pua na ya kwangu kama inavyofanywa siku zote, akafungua boneti yake, akaja kufungua ya kwangu. Akachungulia kulia, akachungulia kushoto. Akainua kichwa ananiangalia kwa huruma. "Jirani, pole sana. Betri wameiba."

Ebwana tulicheka. Betri ya hii gari iko nyuma kwenye buti, upande wa kulia. Wajapani waliiweka huko ili uzito ugawanyike vizuri mbele na nyuma, gari ikate kona bila kuvuta upande. Wazo zuri sana ukiwa kwenye kona, wazo baya ukiwa uani kwako Tabata, waya za kubusti zina mita mbili na nusu na gari yako pua inaangalia ukuta. Tukaisukuma tena kuigeuza. Nikafungua buti na funguo (nilishukuru haifunguki kwa umeme, maana kuna magari ya bei mbaya betri iko ndani ya buti na buti lenyewe linafunguliwa na hiyohiyo betri, sijui aliyekaa akabuni hivyo alikuwa anamkomoa nani). Betri ndogo kama tofali, vichwa vyake vimeota ule unga wa kijani na mweupe. Hewa ya Dar ina chumvi. Nikamwagia maji ya moto yenye magadi, ukachemka kama dawa ya tumbo, nikapiga na mswaki wa zamani.

Waya nyekundu kwenye chanya ya kwangu, kisha chanya ya kwake, nyeusi kwenye hasi yake, ule mwisho wa nyeusi nikaubana kwenye bolti ya bodi mbali na betri, kwa sababu betri huwa inatoa gesi na cheche ya mwisho hutaki itokee juu yake. Tukasubiri dakika kumi na Premio inaunguruma. Nikageuza swichi, gari ikawaka, na yule mama wa Kijapani akaanza kulalamika, sikuwahi kufurahi kusemwa namna ile.

Nikajifanya mjanja. Nimezunguka nayo Segerea kama dakika ishirini, paa chini, nikasimama dukani kununua mkate, nikazima. Kosa. Nikarudi na mkate mkononi, tik tik tik, kwisha habari. Tena mbele ya watu walionitolea macho nilivyofika.

Wakati nasubiri jirani aje tena nikafungua kile kisanduku cha mbele ya abiria kutafuta kitu cha kujipepea, nikakuta risiti ya mafuta. 9 Machi. Siku hiyo ni 24 Mei. Nikahesabu kwa vidole kama mtoto, siku sabini na sita. Na mimi kila mtu akiniuliza, nasema naitembeza kila wikiendi. Sikuwa nadanganya kwa makusudi, yaani kichwani mwangu nilikuwa naamini kabisa naitembeza kila wikiendi.

Jioni nikaing'oa betri na spana namba kumi nikaipeleka kwa fundi chaji, akailaza usiku kucha na chaji ndogo ya taratibu. Asubuhi imesoma volti 12.5, nikafurahi, betri nzima inatakiwa 12.6 hivi. Akasema usifurahi, iache kwanza. Saa mbili baadaye inasoma 10.6. "Braza, chemba moja imekufa hii." Na ni kweli, ndani kuna chemba sita, kila moja volti mbili na kitu, ukitoa moja unabaki na kumi na nusu, hakuna chaji wala maombi yatakayoirudisha. Ndani ni mabamba ya risasi yamelowa asidi, betri ikikaa tupu wiki na wiki yale mabamba yanafanya ukoko mweupe, kwanza laini, chaji inauondoa, baadaye unakuwa mgumu kama ukoko wa birika letu hili la maji ya kisima. Na joto letu linaharakisha kila kitu.

Akataka kuniuzia betri ya saizi ya NS60, ya maji, kubwa zaidi, bei poa. Nikakataa. Akanicheka, anadhani naringia gari. Lakini betri ya ndani ya buti inatakiwa iwe ya kufungwa na iwe na kimrija cha kutolea gesi nje, ukiweka ya maji ya kawaida mvuke wa asidi unakula bati la buti polepole mpaka siku unaweka begi linaangukia barabarani. Tulizunguka maduka manne ndo nikapata ndogo inayoingia yenye tundu la mrija. Laki moja na sitini. Bei nimemwambia mama Jamila laki moja, naomba asisome hapa.

Sasa kilichonisumbua akili ni hiki. Betri ndogo ya kama 30Ah (ampia-saa, yaani ujazo wake wa umeme), gari ya 2001, haina makorokoro mengi, inatakiwa ikae mwezi mzima bila kuguswa na bado iwake. Nikachukua multimita yangu, kile kipimo cha umeme, ya elfu kumi na tano nikaiweka kati ya hasi ya betri na waya wake, gari imezimwa, milango imefungwa. Miliampia 85. Nikachomoa fyuzi moja moja, nilipomkuta mhalifu nikakaa chini kabisa. Ni ile treka ya GPS na alamu niliyofungisha mwenyewe baada ya kusikia gari la mtu limeibwa mtaa wa pili. Miliampia 85 mara saa 24 ni Ah mbili kwa siku. Siku kumi na tano betri tupu. Nimefunga mlinzi, mlinzi ndo anakula chakula cha nyumba.

Basi nikakumbuka kitu nikafungua simu. Meseji za ile treka zinaingia kwenye namba ileile inayopokea matangazo ya kubeti na bando, sizisomagi. Ipo. 26 Machi, saa nne usiku: umeme wa gari uko chini. 28 Machi: umeme wa gari uko chini sana. 29 Machi: umeme umekatika. Halafu kimya hadi Mei. Hapo kuna aibu fulani siwezi kuielezea. Gari iliniambia mara tatu.

Mzee wa nyumba ya pili, dereva mstaafu, nilimwamkia shikamoo akaja kuangalia nikifunga betri mpya. "Marahaba mwanangu. Gari halifi kwa kutembea, linakufa kwa kukaa." Sawa mzee, ila mzee huyohuyo ana Land Rover nyuma ya nyumba iko juu ya matofali na kuku wanatagia kwenye siti ya dereva, kwa hiyo ushauri nimeupokea nusu.

Ila nimejiuliza kwa nini siitembezi. Jibu nililokuwa nalo ni mvua, mashimo, wenye bajaji wanaokwangua, gari iko chini. Januari nilikuwa naiwasha dakika tano kila Jumapili ikiwa imesimama, nikijiona mtunzaji, kumbe dakika tano za sailensa hazirudishi hata kile stata ilichokula. Naiogopea. Hata mama Jamila, ambaye amejifunzia pikapu ya baba yake huko Iringa, gia za mkono, milimani, na anaendesha kunizidi, hajawahi kuishika. Nilipokuwa nakaza bolti alisimama mlangoni na chai akaniuliza, "Baba Jamila, na mimi siku moja nitaiendesha hiyo?" Nikamjibu tutaona. Akasema aya, akaingia ndani. Hiyo "tutaona" nimeitoa tangu Jamila hajaanza chekechea.

Treka nimeihamishia kwenye betri yake ndogo pembeni, na nimenunua chaja ya kuacha imechomekwa, waya unapita dirishani. Umeme ukikatika basi.

Leo ni Ijumaa, niko ofisini, saa kumi na dakika kumi na mbili simu imetetema. Safari hii nimesoma. Gari imewashwa. Moyo umenipasuka, nimesimama kabisa, nikapiga nyumbani akapokea dada, "Mama ametoka na Jamila, ameniachia mdogo." Ametoka na nini? "Na kile kigari cha baba."

Nilitafuta namba yake, kidole kikawa juu ya kitufe. Halafu nikafungua ramani ya treka. Kidoti kilikuwa Mandela Road, kikapita daraja la Ubungo, kikashika Sam Nujoma, spidi hamsini, hamsini na tano, gia ya nne hiyo kama si ya tatu, kikasimama mataa ya Mwenge, kikaondoka bila kuzima. Bosi wangu amepita akauliza naangalia nini. Nikamwambia mpira. Sasa hivi kimesimama Coco Beach, dakika arobaini sasa, umeme wa gari 12.7.