Jina langu lilikuwa kwenye shukrani

Miezi 8 nilikuwa bonde la Kilombero nikikusanya mbu kwa ajili ya utafiti. Mitego ya taa tunaitega saa 12 jioni, tunaitegua saa 12 asubuhi, halafu unakaa na darubini ukitenganisha mbu wa malaria: funestus huku, kundi la gambiae kule. Hapo hujamaliza, maana ndani ya kundi hilo la pili, Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis kwa macho ni mapacha. Lazima upime vinasaba maabara. Mgongo wangu bado unakumbuka.

Makala ya utafiti huo ilipotoka nikatafuta jina langu kwenye waandishi. Halipo. Nikalikuta chini kabisa, kwenye shukrani, pamoja na la dereva. (Dereva alistahili, sina neno naye.)

Nilinyamaza wiki nzima. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi sita sita, na anayeusaini ni profesa, bosi wetu kwenye utafiti huo huo. Dada mmoja wa maabara ya jirani akaniambia, "Mdogo wangu, usiende na hasira, nenda na daftari." Nikaenda na daftari la uwandani, tarehe zote, pamoja na rasimu ya ile sehemu ya makala inayoeleza mbinu, niliyoiandika mwenyewe. Profesa akasoma kimya, kisha akasema, "Nilidhani wewe ni fundi tu."

Hilo "tu" liliniuma kuliko kukosa jina.

Makala ile haikubadilishwa. Iliyofuata, mimi ni wa tatu kwenye orodha. Siku hizi kabla sijashika mtego wowote nauliza kwanza: waandishi watakuwa nani? Wengine wananiona mjuaji. Poa tu.