Mkopo Uliopita Bila Mdhamini

Chama cha akiba na mikopo tulichokitengenezea mfumo, pale Mwanza, kilikuwa na kanuni isiyo na mjadala: mkopo hauendi kwenye malipo mpaka wadhamini wasiopungua wawili wawe wamekubali wote. Asubuhi moja afisa mikopo akapiga simu. Ombi limeshapita, lakini sehemu ya wadhamini haina jina hata moja.

"Kaka, mfumo umeandika wote wamekubali. Wote gani?"

Kwenye msimbo wa Python, lugha ya kuandikia programu, uamuzi ule ulikaa katika mstari mmoja:

all(w.amekubali for w in wadhamini)

Ukiusoma haraka unaridhika. Ila all haitafuti waliokubali, inamtafuta aliyekataa. Inapita kwa mmoja mmoja, ikikuta jibu lisilo kweli inasimama hapo hapo na kurudisha False. Isipolikuta mpaka mwisho, inarudisha True. Orodha ikiwa tupu hakuna wa kumkuta, basi jibu ni True. any huenda kinyume: inamtafuta mmoja aliye kweli, ndiyo maana any([]) ni False.

Hiyo si kasoro ya lugha. Gawa orodha moja mafungu mawili, kisha upime kila fungu kwa all: ukiunganisha majibu kwa and, lazima upate jibu lile lile la orodha nzima, hata fungu moja likiwa tupu. Fungu tupu lingerudisha False, hesabu yote ingeharibika. JavaScript, lugha nyingine ya programu, nayo hufanya hivyo hivyo kwa every, kwa hiyo kuhamia huko kusingetusaidia. Idadi ya wadhamini ni swali la pekee na linataka kuulizwa peke yake:

len(wadhamini) >= 2 and all(w.amekubali for w in wadhamini)

Baada ya hapo tukapekua kila mstari wenye all au any, na tulilolikuta kwenye kumbukumbu za zamani lilinitia hofu zaidi. Zilikuwa zimeingizwa kutoka Excel kupitia faili la CSV (maandishi yaliyotenganishwa kwa koma), na humo kila kitu huja kama maandishi. Aliyekubali aliandikwa "1", aliyekataa "0". Kwa Python, maandishi yasiyo kweli ni yale matupu tu. "0" ni kweli, na hata nafasi moja iliyoachwa ndani ya alama za kunukuu ni kweli. Mdhamini aliyekataa akawa anahesabiwa kuwa amekubali. Fomu isiyo na wadhamini mtu ataishtukia kwa macho. Hii inapita imejaa majina. Kuandika bool("0") hakusaidii, kwa kuwa nayo inatoa True. Tulibadilisha pale pale data inapoingia, kwa kulinganisha, strip() ikiondoa kwanza nafasi za pembeni: thamani.strip() == "1".

Ukaguzi wa madeni ulikuwa sahihi lakini mzito:

any([ana_deni(w) for w in wadhamini])

Mabano ya mraba hujenga orodha nzima kwanza, ndipo any ianze kazi. Kila ana_deni ilikwenda kwenye kanzidata, hata kama mdhamini wa kwanza tayari alikuwa na deni. Yaondoe mabano hayo, any itasimama kwa mdaiwa wa kwanza. Yabaki tu pale unapotaka hali ya kila mdhamini ionekane kwenye ripoti.

La mwisho lilijificha vizuri. Msimbo wa ripoti uliweka majibu kwenye jenereta moja (kitu kinachotoa majibu moja moja yanapoombwa, bila kuyahifadhi), ukaitumia mara mbili:

majibu = (w.amekubali for w in wadhamini)
yupo = any(majibu)
wote = all(majibu)

Jenereta husomwa mara moja tu. Chukua wadhamini wawili, wa kwanza amekataa, wa pili amekubali. any inasoma wa kwanza, inasoma wa pili, inasimama na True. all inakuta hakuna kilichobaki, nayo inarudisha True. Ukiwapanga kinyume, jibu linakuwa False, kwa hiyo majaribio yaliyokuwepo, yenye mkataaji nafasi ya pili, hayakuligundua kamwe. Tuliandika majibu kama orodha, kisha tukaongeza majaribio ya orodha tupu, mdhamini mmoja aliyekubali, na wawili wenye mkataaji katika kila nafasi.