Gujarat, Mungu akipenda

Jamani, tiketi za Ahmedabad nimeshakata! Januari mimi na mama tunaenda Gujarat, jimbo la magharibi mwa India.

Watu wananiuliza, Mtanzania unafuata simba India? Ndiyo, nawafuata. Simba wa Asia wamebaki porini huko tu, msitu wa Gir na maeneo yanayouzunguka; sensa ya 2025 ilihesabu 891. Manyoya ya shingoni ni machache kuliko ya simba wetu, kwa hiyo hata dume masikio yake yanaonekana wazi, na tumboni ana mkunjo mrefu wa ngozi unaoning'inia. Huo mkunjo natamani sana niuone kwa macho yangu. Kibali cha safari ya gari msituni kinaombwa mtandaoni mapema, na msitu hufungwa kuanzia 16 Juni hadi 15 Oktoba kwa ajili ya mvua, msije mkakata tiketi za Agosti.

Mama yeye roho yake iko Somnath, hekalu la Shiva, mungu wa Wahindu, lililo ufukweni kabisa mwa Bahari ya Arabu. Limebomolewa na kujengwa tena mara nyingi. Jengo la sasa lilifunguliwa 1951. Simu na kamera unaziacha nje. Mama kafurahi mno, anasema angalau huko nitatembea naye nikiwa naye kweli.

Karibu na Gir kuna Jambur, kijiji cha Wasidi, watu wenye asili ya Afrika walioishi India kwa karne nyingi. Hapo hatupiti haraka.

Anayemjua dereva mwaminifu wa Junagadh, mji ulio karibu na Gir, aniandikie, tafadhali.