Picha Tatu za Shingo

Mtoto alilazwa chali juu ya ubao, shingo imefungwa kola, na mama yake amemshika miguu yote miwili ili asijitikise. Ilikuwa Agosti 2016, Goma, saa mbili na nusu usiku. Pikipiki iliyombeba iliteleza kwenye mchanga mweusi karibu na Katindo, naye akaangukia makoro, yale mawe ya volkano, kwa kichwa. Alikuwa na miaka 10. Vidole alikuwa anavisogeza vizuri, lakini kila mara alipomeza mate alikunja uso, na daktari wa upasuaji hakutaka mtu yeyote amgeuze kabla picha hazijasomwa.

Mtu wa kusoma picha hakuwa Goma. Alikuwa mzee mmoja wa Bukavu, daktari wa picha za eksirei, ambaye kila jioni aliketi mbele ya kompyuta yake akisubiri tulichomtumia. Picha tatu zilikuwa tayari: ya ubavuni, ya mbele, na ile inayopigwa mdomo ukiwa wazi ili mfupa wa pili wa shingo uonekane. Mpiga picha alibonyeza kutuma. Hazikuondoka. Akabonyeza tena. Ndipo akaja kunigongea, kwa sababu mashine ya mtandao ilikuwa mikononi mwangu, na saa kumi alasiri ya siku ileile nilikuwa nimeigusa.

Hospitali yetu, upande wa Himbi, ilikuwa na njia mbili za kutoka nje. Ya kwanza ni setelaiti, dishi kubwa nyuma ya wodi ya wazazi. Ya pili ni redio, antena ndogo juu ya paa iliyotazama mnara mmoja mjini. Kutoka Goma hadi Bukavu ni ziwa tu. Boti ya asubuhi inakufikisha kabla jua halijazama. Lakini picha iliyopita kwenye dishi ilipanda kilomita 35,786 hadi kwenye setelaiti iliyosimama juu ya ikweta, ikashuka kituoni Ulaya, ndipo ianze kutafuta Bukavu. Swali na jibu lake vikipanda na kushuka, hata kwa kasi ya mwanga karibu nusu sekunde imekwisha. Kwetu nilikuwa nasoma milisekunde 600 na zaidi. Kupakia kulikuwa kilobiti 256 kwa sekunde. Picha moja ilikuwa na megabaiti 20 hivi, na baiti moja ni biti nane. Piga hesabu: picha tatu ni nusu saa nzima, kama njia ni tupu, na njia ile haikuwa tupu hata siku moja, maana simu za wafanyakazi wote zilipita humohumo. Redio ilikuwa na megabiti 2 kwenda na kurudi. Picha hizohizo zingepita kwa dakika nne.

Kwa nini basi zisipite kwenye redio tangu mwanzo? Hilo ndilo nililokuwa nimelihangaikia wiki mbili. Ruta ya kawaida, mashine inayoelekeza data njia ya kupita, humuuliza msafiri swali moja tu: unakwenda wapi? Haimuulizi ametoka wapi wala amebeba nini. Picha ya mgonjwa inayokwenda nje na video ya kuchekesha inayokwenda nje, kwake zote ni "nje", na njia ya nje ni moja, ile chaguomsingi. Ningeiweka redio kuwa chaguomsingi, simu za watu wote zingehamia huko na picha zingebanwa vilevile.

Mashine yetu ilikuwa kompyuta ya zamani ya mezani yenye kadi tatu za mtandao, ikiendesha Ubuntu, aina mojawapo ya mfumo wa Linux. Linux, tangu toleo la 2.2 la kerneli, yaani kiini chake, la mwaka 1999, inaweza kushika majedwali mengi ya njia, na juu yake kuna orodha ya kanuni zinazosema pakiti ipi, yaani kipande kipi cha data, isome jedwali lipi. Kanuni namba 0 inasoma jedwali la anwani za mashine yenyewe. Namba 32766 inasoma jedwali kuu ambalo kila mtu analijua. Katikati hapo ni uwanja wako. Nakumbuka furaha niliyoipata siku nilipoelewa jambo hilo. Niliona kama nimefunguliwa chumba ndani ya nyumba niliyoishi miaka.

Nikatengeneza jedwali la pili, namba 100, nikaliita "redio", na ndani yake njia moja tu, ile ya kwenda kwenye antena. Sikuweza kusema "kila kitokacho kwenye seva ya picha kipite redio", kwa sababu seva hiyohiyo kila usiku ilituma nakala za kumbukumbu zake nje, mzigo mkubwa usio na haraka, na huo niliutaka ubaki kwenye dishi. Nilihitaji kutenganisha kwa namba ya bandari, ile inayoonyesha data ni ya huduma gani: picha za kitabibu zilikwenda bandari 104. Siku hizi kanuni yenyewe inaweza kutaja bandari, tangu kerneli 4.17 ya 2018. Wakati ule ilibidi kupitia alama: iptables, chombo cha Linux cha kuchuja pakiti, inaitazama pakiti inapoingia kutoka ndani, ikiona bandari 104 inaipiga alama 1, kisha kanuni inasema mwenye alama 1 asome jedwali la redio.

Saa kumi alasiri nilimaliza. Nikaiuliza mashine kwa `ip route get` ingeipeleka wapi pakiti yenye alama 1. Ikajibu: redio. Nikafunga daftari, nikaenda kula. Sikutuma hata picha moja ya majaribio. Kosa hilo ni langu, na usiku ule nililiona limelala juu ya ubao.

Daktari wa upasuaji alinifuata mpaka kwenye kile chumba kidogo.

"Mdogo wangu, zimefika?"

"Bado, Dokta. Kuna njia mbili. Nikifuta kazi yangu ya leo, zinarudi kwenye dishi, nusu saa au saa nzima. Nikipata tatizo, ni dakika nne."

Akaangalia saa yake. "Nakupa dakika kumi. Zikiisha, futa."

Mpiga picha alipendekeza tupige kioo cha kompyuta kwa simu tuitume hivyo. Daktari alikataa bila kugeuka. Ufa wa mfupa wa shingo unaweza kuwa mwembamba kama unywele, na kioo kilichopigwa kwa simu kinaufuta.

Nikafungua tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazopita, kwenye madirisha mawili, moja kwa kadi ya redio, jingine kwa kadi ya ndani. Kwenye redio niliona kitu ambacho sikukitegemea: ombi letu la kufungua mazungumzo linatoka, na jibu la Bukavu linarudi. Linarudi kabisa, mstari baada ya mstari. Kwenye kadi ya ndani, ombi lilikuwa peke yake, likirudiwa, bila jibu. Jibu lilifika mlangoni kwetu na halikuingia. Lilifia ndani ya mashine yangu, kati ya kadi mbili.

Nilitazama ukuta wa moto, yaani kanuni zinazozuia pakiti. Hakuna kanuni iliyolikataa. Dakika tatu zimekwisha. Nikakumbuka kwamba kerneli inaweza kuandika pakiti inazozishuku ukiiamuru. Nikawasha `log_martians`, nikasoma dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli, na hapo zikajaa: "martian source", pakiti kutoka sayari ya Mars, kadi ya redio, anwani ya Bukavu. Mashine yangu ilikuwa inamwona mzee wa Bukavu kama mgeni asiyeweza kuwepo duniani.

Hapo nilielewa, na nataka kulieleza vizuri kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi hii. Kerneli ina mlinzi anayeitwa rp_filter, na Ubuntu ilimwamsha kwa chaguomsingi. Pakiti ikiingia, anajiuliza: kama ningetakiwa kumjibu huyu mtumaji, ningepita mlango huuhuu? Jibu likiwa hapana, anaitupa kimya. Aliwekwa kwa nia njema, kuzuia watu wanaojitia anwani zisizo zao. Lakini ile alama 1 niliyoipiga haisafiri. Haikuandikwa kwenye pakiti; ni kumbukumbu ya ndani ya mashine, na pakiti ikishatoka kwenye waya inabaki nyuma. Jibu la Bukavu lilirudi bila alama. Mlinzi akasoma jedwali kuu, likamwambia mambo yote ya nje ni ya dishi, na huyu ameingia kwa redio. Ni kama ofisa wa Petite Barrière, mmoja wa milango miwili ya mpaka wetu na Rwanda, mwenye daftari lililoandikwa kwamba wageni wa nyumba yako wote hupita ule mwingine, Grande Barrière. Mgeni wako ana haki zote, na bado anarudishwa.

Na `ip route get` ya alasiri haikunidanganya. Niliiuliza habari za kwenda. Habari za kurudi sikuuliza.

Nikaandika 0 kwa kadi ya redio, kumzima mlinzi kwenye mlango ule. Nikatuma. Hakuna kilichobadilika. Dakika saba. Nilihisi jasho likishuka mgongoni, ingawa usiku wa Goma wa Agosti ni wa baridi. Nilirudia kusoma thamani: kadi ya redio 0, sawa. Ya jumla, ile ya "all", 1. Nikakumbuka sentensi moja niliyoisoma zamani katika maelezo ya kerneli: kati ya thamani ya jumla na ya kadi, inayotumika ni iliyo kubwa. Sifuri yangu haikuwa na nguvu yoyote mbele ya 1. Lakini kuna thamani ya 2, ulinzi legevu ulioelezwa kwenye RFC 3704, hati ya kiufundi ya mtandao ya mwaka 2004: mlinzi anaridhika mradi mtumaji anafikika kwa mlango wowote, si lazima huu. Na 2 ni kubwa kuliko 1. Nikaandika 2.

Dirisha la kadi ya ndani likajaa mistari mpaka sikuweza kuisoma.

Mzee wa Bukavu alipiga simu kabla saa tatu haijafika. Daktari aliiweka simu kwenye sauti ya juu. Picha ya mbele, vizuri. Ya mdomo wazi, vizuri. Ya ubavuni, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mpaka mfupa wa sita naona. Wa saba mabega yameuficha. Siwezi kusema chochote kuhusu shingo ambayo sijaiona yote. Rudieni, mikono yake mivute chini kuelekea miguuni."

Basi wakarudia. Muuguzi alishika kichwa kisisogee, mama na baba mdogo wa mtoto wakavuta mikono taratibu, mmoja kila upande, wamevaa aproni nzito za madini ya risasi za kuzuia mionzi. Mama alikuwa anamwambia kwa sauti ya chini, "Tulia, baba yangu, tulia kidogo tu." Mpiga picha akabonyeza.

Mimi nilirudi chumbani, nikasimama mbele ya kihesabu cha kadi ya redio. Baiti zilipanda. Nilikuwa nimepima muda kwa saa tangu picha ilipoanza kutoka: sekunde 84. Ukutani nilikuwa nimebandika karatasi na kuandika kwa kalamu ya wino kila amri niliyoiandika usiku ule, kwa mpangilio wake, maana amri hizo hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu na umeme ukikatika zinafutika. Saa kumi na moja alfajiri ulikatika kweli, mashine ikaanza upya ikiwa haijui lolote, na niliziandika tena kutoka kwenye karatasi ile, safari hii ndani ya faili la mtandao ili ziwake pamoja na kadi.

Lakini hilo lilikuwa baadaye. Simu ya pili kutoka Bukavu iliingia saa tatu na dakika 20. "Wa saba ninao," mzee alisema. "Na wa kwanza wa kifua pia. Hakuna ufa. Mfungulieni."

Daktari alifungua kola mwenyewe. Mtoto aligeuza kichwa kushoto, akamtafuta mama yake, akaomba maji.