Bakteria wa TB hana haraka kabisa
Jamani kazi yangu ni kuotesha bakteria wa TB maabara, na huyu mdudu anataka subira, E. coli (bakteria wa kawaida wa utumbo) anagawanyika kila dakika 20 hivi ila huyu ni kama saa 20, kwahiyo unapanda makohozi leo alafu unasubiri wiki kadhaa ndo uone vijidoa rangi ya krimu, vikavu kama makombo ya mkate. Naipenda sana ile asubuhi nafungua inkubeta nakuta vimeota!! Daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza kumgundua huko Berlin tarehe 24 Machi 1882 na bado anaua watu mpaka leo. Siku hizi mashine ya GeneXpert inatoa jibu ndani ya masaa 2, pamoja na kuonyesha kama ana usugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB, lakini kwa dawa zingine mara nyingi bado lazima umuoteshe. Huko kwenye usugu ndo nataka kufanyia PhD, mniombee.